Mchezo Wenye Uwanja Barabarani: Mzazi Aupimeje Pokémon GO

Michezo ya simu inayotegemea mahali ni ile ambayo haiendeshwi kwa kidole peke yake bali kwa miguu pia, kwa kuwa simu hutambua alipo mchezaji, humwonyesha ramani ya mtaa uleule anaoukanyaga, kisha humpa au humnyima kitu kulingana na alikofika. Unaojulikana zaidi katika jamii hiyo ya michezo ni Pokémon GO, uliotolewa kwanza Marekani, Australia na New Zealand mwezi Julai 2016, na ambao kufikia mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo ulikuwa umefunguliwa rasmi katika nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Wazazi wanaoombwa ruhusa na watoto wao huuliza kama mchezo huo ni mzuri au ni mbaya, na swali hilo halina jibu moja linalofaa kila nyumba, kwa sababu nusu ya mchezo imetengenezwa na kampuni ilhali nusu ya pili ni mtaa wa mtoto mwenyewe, ambao kampuni haiujui na haina namna ya kuujua kama mzazi aujuavyo.

Simu hutambua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya satelaiti za mfumo uitwao GPS, unaomilikiwa na serikali ya Marekani, ikisaidiwa na minara ya simu na mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 mawimbi waliyoruhusiwa raia yalikuwa yakivurugwa kwa makusudi kwa sababu za kijeshi, hata kifaa kikaweza kukosea kwa takriban mita 100. Rais Bill Clinton alipoamuru uvurugaji huo ukome, haikupita hata wiki kabla ya mtu mmoja wa jimbo la Oregon kuficha ndoo yenye vitu msituni na kutangaza vipimo vya mahali ilipo kwenye intaneti, ili wengine waende kuitafuta. Mchezo huo wa kutafuta vilivyofichwa, uitwao geocaching, ungali unachezwa hadi leo. Aliyeyapeleka mawazo ya namna hiyo kwenye simu za watu wengi ni John Hanke, ambaye kampuni yake ya awali ya ramani ilinunuliwa na Google mwaka 2004 na kazi yake ikawa msingi wa Google Earth; mwaka 2010 alianzisha ndani ya Google kitengo cha Niantic, kitengo hicho kikatoa mchezo wa Ingress mwaka 2012, kikajitenga na kuwa kampuni mwaka 2015, na mwaka uliofuata kikaitumia ramani ya Ingress kuwapa makazi viumbe wa Pokémon, ambao Mjapani Satoshi Tajiri, mtu aliyependa kukusanya wadudu utotoni, alikuwa amewatoa kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Mwaka 2025 Niantic iliiuza biashara yake ya michezo kwa kampuni ya Scopely.

Historia hiyo ina jambo moja ambalo mzazi anapaswa kulishika. Sehemu nyingi zilizowekewa alama katika ramani ya Pokémon GO zilipendekezwa na wachezaji wa Ingress, ambao wengi wao walikuwa watu wazima, na walichagua yale yanayovutia macho ya mtu mzima: sanamu, michoro ya ukutani, nyumba za ibada, makaburi ya watu mashuhuri, majengo ya kale, vituo vya reli. Hakuna aliyekuwa akijiuliza kama mtoto wa miaka tisa anaweza kufika hapo bila kuvuka barabara kuu. Ndiyo sababu pia katikati ya miji kuna alama nyingi zilizosongamana, huku vijiji na vitongoji vya pembezoni vikiwa na chache au bila hata moja, hali inayomfanya mtoto wa pembezoni mwa mji avutwe kwenda mbali na kwao ili apate cha kufanya.

Mchezaji akiufungua mchezo huona ramani ya hapo alipo, na juu yake huchomoza viumbe wa kubuni ambao huwakamata kwa kuwarushia mpira kwa kidole. Ramani ina vituo viitwavyo PokéStop, ambako aliye karibu hupata mipira na vifaa vingine, na viwanja viitwavyo Gym, ambako mchezaji huwaacha viumbe wake wapalinde dhidi ya makundi mengine. Yapo mayai yanayoanguliwa baada ya kutembea umbali uliowekwa, kwa mfano kilomita 2, 5 au 10, na umbali uliokatwa kwa mwendo wa gari hauhesabiwi. Yapo pia mapambano ya pamoja dhidi ya kiumbe mmoja mwenye nguvu, yaitwayo raid, ambayo makubwa yake hayashindiki ila wachezaji kadhaa wakiungana. Damu haimwagiki, kiumbe aliyeshindwa huzimia tu, na matusi hayamo; kwa upande wa maudhui mzazi hana mengi ya kuhofia.

Hapo ndipo wazazi wengi hupotea njia. Alama za umri zinazobandikwa kwenye maduka ya programu hupima picha, lugha, ukatili na ununuzi ulio ndani ya mchezo, na kwa mchezo wa kukaa kitini kipimo hicho kinatosha kwa kiasi kikubwa, lakini kwa mchezo wa kutembea kimeacha nje jambo lililo kubwa kuliko yote. Ubao wa bao huwekwa kibarazani, na wachezaji wanajua kwamba kilicho nje ya ubao hakimo mchezoni. Katika Pokémon GO ubao ni barabara yenyewe, pamoja na daladala, matatu, bodaboda, mitaro iliyo wazi, mbwa, walevi na jua la saa saba mchana. Hakuna alama ya umri inayoweza kusema kama barabara inayopita mbele ya nyumba fulani ya Mbagala au ya Kayole inamfaa mtoto fulani.

Hatari ya barabara haikubuniwa na waoga. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba kiwango cha vifo hivyo kwa idadi ya watu ni kikubwa zaidi Afrika kuliko maeneo mengine. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue, Mara Faccio na John McConnell, walipozichambua taarifa za polisi za ajali katika kaunti ya Tippecanoe, jimbo la Indiana, waligundua kwamba baada ya mchezo kutolewa ajali ziliongezeka zaidi karibu na vituo vya PokéStop kuliko kwingineko. Huko Ichinomiya, Japani, mwezi Oktoba 2016, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa akivuka barabara aligongwa na lori akafa, na dereva alikuwa akicheza Pokémon GO akiwa ameshika usukani. Mtoto yule hakuwa mchezaji. Kampuni iliongeza vizuizi, hata simu inayokwenda kwa kasi ya gari haipati vifaa kwenye vituo, na onyo hutokea likimtaka mtumiaji athibitishe kuwa si dereva. Lakini vizuizi hivyo hupima mwendo wa simu peke yake, na mtoto anayetembea taratibu huku ameinamisha kichwa ni mchezaji halali kabisa machoni pa programu, hata akiwa katikati ya barabara ya njia nne.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha miguu: je, kati ya nyumbani na vituo ambavyo mtoto atavitumia kuna njia ya waenda kwa miguu, na je, mtoto huyo ana mazoea ya kusimama kabisa kabla ya kutazama simu? Zipo sehemu zinazofaa, kama viwanja vya shule siku za mapumziko kwa idhini ya walimu, fukwe zenye watu, au msitu wa Karura jijini Nairobi, wenye uzio na njia za kutembea, na familia inaweza kuamua kwamba mchezo utafunguliwa huko tu na si penginepo. Ufundi wa kuonyesha kiumbe wa kubuni juu ya picha halisi ya kamera, ambao kwa Kiswahili huitwa uhalisia ulioongezwa, ni heri uzimwe kwa mtoto, kwa kuwa humfanya anyanyue simu mbele ya uso na humaliza betri upesi, ilhali mchezo unaendelea vizuri bila huo.

Jambo la pili ni watu. Mwezi Julai 2016 polisi wa O'Fallon, mji wa jimbo la Missouri, waliwakamata vijana wanne walioshukiwa kuwapora watu kwa kutumia mchezo huo kuwavutia mahali pa upweke, kwani mchezo una kifaa kinachofanya kazi ya chambo: kikiwekwa kwenye kituo, viumbe humiminika hapo kwa muda, na kila mchezaji aliye jirani huona kwenye ramani yake kwamba kituo hicho kimechangamka. Chambo huwavuta viumbe, na viumbe huwavuta watoto. Mapambano ya raid nayo huwakutanisha watu wazima na watoto wasiofahamiana mahali pamoja, na wengi wa watu hao ni wema wanaofurahia wanachokifanya, lakini mzazi mwenye busara hamwachi mtoto aamue peke yake nani ni mwema.

Lililo gumu kuonekana, na linalostahili kuelezwa kwa urefu, ni namna mchezo unavyofichua nyendo za mtoto bila yeye kusema neno. Mwaka 2018 uliongezwa utaratibu wa urafiki: kila mchezaji ana namba ya tarakimu 12, na anayempa mtu namba hiyo anaweza kuwa rafiki yake popote alipo duniani, wakawa wanapelekeana zawadi kila siku. Zawadi hiyo huchukuliwa kwenye kituo halisi, na hubeba picha na mahali pa kituo kile. Mtoto anayetuma zawadi kila jioni kutoka vituo viwili vilivyo kati ya shule na nyumbani amemchorea mpokeaji njia yake ya kila siku, na wako wachezaji wengi wanaozitangaza namba zao mitandaoni ili wapate marafiki wa ng'ambo, wasijue wanayempa ni nani. Vivyo hivyo, anayemwacha kiumbe wake kwenye Gym huacha pia jina lake la mchezoni, na yeyote apitaye hapo anaweza kulisoma na kujua kwamba mwenye jina hilo alikuwepo. Ikiwa jina ni la kweli, pamoja na mwaka wa kuzaliwa, kama watoto wapendavyo kuandika, basi utambulisho umekamilika. Mzazi achague pamoja na mtoto jina lisiloeleza jinsia, umri, ukoo wala shule, na orodha ya marafiki iwe ya watu ambao familia inawafahamu kwa sura.

Hapa pia ndipo uongo mdogo wa kawaida unapoleta hasara. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda faragha ya watoto mtandaoni inazitaka kampuni zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13, na kwa sababu hiyo mchezo huuliza tarehe ya kuzaliwa mwanzoni kabisa, kisha humtaka mzazi afungue akaunti ya mtoto na kuchagua ruhusa zake. Mtoto akidanganya mwaka ili asisumbuliwe na hatua hizo, au mzazi akimwandikia mwaka wa uongo ili mambo yaishe haraka, programu humchukulia kuwa mtu mzima, na ulinzi wote uliowekwa kwa ajili yake huondoka. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inadai idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtoto ambaye fomu imeandika kuwa ana miaka 25.

Kuhusu fedha, mchezo ni wa bure kwa maana kwamba kuupakua hakulipiwi. Sarafu zake za ndani huweza kupatikana kwa kulinda Gym, ila kwa kiwango chenye kikomo kila siku, na anayetaka zaidi hulipa fedha halisi ili anunue mipira, tiketi za raid au mashine za ziada za kutotolea mayai, ambayo yaliyomo ndani hayajulikani kwa hakika mpaka yaanguliwe. Malipo ya kubahatisha namna hiyo yana mvuto mkali kwa mtoto, na njia rahisi ya kuyazuia ni kuweka nywila ya ununuzi kwenye duka la programu. Lakini katika Afrika Mashariki liko suala la fedha lisilotajwa katika miongozo ya ng'ambo. Shule nyingi haziwaruhusu wanafunzi kuwa na simu, na watoto wengi huchezea simu ya mama au ya baba, ambayo ndiyo pia pochi ya nyumba, yenye M-Pesa, salio la bando na mawasiliano ya kazi. Mtoto anayetembea na simu hiyo mkononi, skrini ikiwaka, amebeba fedha za familia mbele ya macho ya vibaka wanaopita na pikipiki, na akinyang'anywa anaweza kuumizwa. Simu ya pochi haifai kuwa simu ya mchezo. Kama hakuna nyingine, mtu mzima ndiye aishike.

Baada ya hayo yote ni haki kusema kwamba mchezo una faida, na kwamba faida hizo zimepimwa. Watafiti Tim Althoff, Ryen White na Eric Horvitz walionyesha mwaka 2016 kwamba wachezaji waliojihusisha sana waliongeza wastani wa hatua 1,473 kwa siku, ongezeko la zaidi ya robo ya kawaida yao. Utafiti mwingine uliochapishwa katika jarida la kitabibu la BMJ mwezi Desemba mwaka huohuo uliwafuatilia watu wa miaka 18 hadi 35 nchini Marekani, ukaona ongezeko la hatua 955 kwa siku katika wiki ya kwanza, lakini likapungua polepole hata kufikia wiki ya sita wakawa wamerudi walikokuwa. Utafiti huo wa pili haukuhusu watoto, na anayeutumia kuahidi afya ya mtoto anaunyoosha kupita urefu wake. Linaloonekana zaidi ni faida ya aina nyingine: mtoto hujifunza kusoma ramani, kukadiria umbali, kujua sanamu fulani ni ya nani, na, akienda na mzazi, hupata saa nzima ya kuzungumza na mtu ambaye kwa kawaida hurudi nyumbani amechoka. Faida hiyo ya mwisho haipatikani kwa mtoto anayecheza peke yake.

Kuna pia adabu za mahali, ambazo ramani haizijui. Mwaka 2016 Jumba la Makumbusho ya Mauaji ya Wayahudi mjini Washington liliwaomba wageni wasicheze ndani yake, wasimamizi wa kumbukumbu ya Auschwitz huko Poland wakadai sehemu yao iondolewe kwenye mchezo, na mji wa Hiroshima ukafanya hivyo kwa bustani yake ya amani. Msikiti, kanisa au makaburi ya mtaani kwetu hayahitaji kuwa mashuhuri kiasi hicho ili yastahili heshima. Maeneo ya jeshi ni jambo zito zaidi: Mfaransa mmoja alizuiliwa nchini Indonesia Julai 2016 baada ya kuingia kambini akicheza, na mwezi huohuo watoto wawili walivuka mpaka kutoka Kanada hadi Montana pasipo kutambua, wakashikwa na walinzi wa mpaka hadi walipokabidhiwa mama yao. Kwa familia za Waswahili zinazoishi Marekani kuna tahadhari ya ziada, aliyoiandika Omari Akil, Mmarekani mweusi, katika siku za kwanza za mchezo: kijana mweusi anayezungukazunguka mbele ya nyumba za watu na simu mkononi anaweza kudhaniwa mhalifu na aliye dirishani, na matokeo ya dhana hiyo yanajulikana.

Hukumu inayotokana na haya inategemea tabia ya mtoto zaidi ya miaka yake, ingawa miaka nayo ina uzito. Aliye chini ya miaka kumi hucheza vizuri pale tu mtu mzima anaposhika simu na kumpa wakati wa kurusha mpira wakiwa wamesimama. Aliyekaribia kumi na tatu anaweza kushika simu mwenyewe akiwa machoni pa mkubwa, kwa akaunti ya mtoto yenye umri wa kweli. Kijana wa zaidi ya hapo anaweza kwenda na wenzake mchana, katika mipaka waliyoafikiana, ikiwa ameshaonyesha kwamba huacha anapoambiwa acha. Yule ambaye huzima simu kwa ugomvi nyumbani hataizima kwa hiari barabarani, na huyo asubiri hata kama ana miaka kumi na sita.

Mzazi aliyeombwa ruhusa asijibu akiwa ameketi. Na aupakue mchezo kwenye simu yake, aende na mwanawe hadi kila kituo anachokitamani, kwa njia ileile na saa ileile ambayo mtoto angekwenda peke yake, kisha aamue. Jibu likiwa hapana kwa sababu barabara haina njia ya waenda kwa miguu wala kivuko, amweleze mtoto sababu hiyo waziwazi, halafu aipeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa diwani wake, kwa kuwa barabara hiyohiyo ndiyo mtoto anayoivuka kila asubuhi akienda shule.